Mbona mabingwa wa upanga wanapaa?

SWALI: Mama, pokea salamu zangu kutoka Bondeni, Nakuru. Napenda sana muvi za Kichina za upanga, hasa zile za zamani. Kaka yangu hunisumbua kila nikiweka moja. Husema binadamu haruki juu ya paa la nyumba, maneno hayalingani na midomo, hadithi haishikiki, na adui mkuu akianguka tu, muvi imeisha bila hata kwaheri. Nashindwa kumjibu kwa sababu yote ni kweli. Je, kuna la kutetea?

JIBU: Mwanangu, lipo, tena tele. Ila usibishane naye juu ya makosa, maana hapo atakushinda.

Nimekulia ndani ya banda la video la mama yangu hapa Kondele, Kisumu: mabati juu, mabenchi chini, televisheni moja na deki iliyopata moto upesi. Kazi yangu ilikuwa kupokea pesa mlangoni. Watu wakishajaa nilikaa mbele kabisa, chini, na mara nyingi niliwatazama watazamaji kuliko muvi yenyewe. Stelingi akimaliza kupigana na watu kumi ngazini, fundi wa baiskeli au mama wa samaki angepaza sauti, “Rudisha!” Mama alirudisha. Hakuna aliyewahi kuomba turudishe mazungumzo.

Midomo kutolingana na maneno kuna sababu yake. Studio ya Shaw Brothers, iliyofunguliwa Clearwater Bay, Hong Kong, mwaka 1961, ilitoa filamu kama kiwanda. Kwa kawaida waigizaji walipigwa picha bila kurekodiwa sauti, kisha watu wengine wakaingia chumbani kuwasemea. Baadaye Kiingereza kikapachikwa juu ya hiyo. Mwigizaji unayemwona hapo Bondeni amekwisha kusemewa mara mbili.

Hadithi kuvurugika ni jambo jingine. Nyingi zilitoka kwenye riwaya zilizochapishwa kidogo kidogo magazetini. Jin Yong, mwandishi maarufu kuliko wote, aliandika zake kati ya 1955 na 1972, na mwaka 1959 alishiriki kuanzisha gazeti la Ming Pao, ambalo lilichapisha kadhaa kati yake. Msomaji wa gazeti alipata miezi ya kujua nani ni mwanafunzi wa nani na nani alimuua baba ya nani. Muvi ina saa moja na nusu. Basi mzee mwenye ndevu nyeupe anaingia, anaapa kulipiza kisasi, anakufa, na hatukuambiwa hata jina lake. Hilo silitetei. Waandishi walitegemea kwamba watu wa kwao wanaijua hadithi tayari, wakatuacha sisi wengine gizani.

Lakini kupaa? Hapo mwambie kaka yako aje Kano, huku kwetu karibu na Kisumu. Sisi tumelelewa na hadithi ya Luanda Magere, shujaa wa Wajaluo ambaye mwili wake ulikuwa jiwe na mkuki haukumwingia, mpaka mke aliyetoka kwa maadui alipogundua kwamba nguvu zake zimo kivulini. Kivuli kikachomwa mkuki, Magere akaanguka, na jiwe lake watu huonyeshwa hadi leo. Sijasikia mtu akimkatiza bibi yake kumuuliza mwili unawezaje kuwa jiwe. Kupaa kwa mabingwa wa upanga kunatoka mahali hapohapo: mtu aliyefundishwa na mwalimu mkali miaka mingi, akatii, akateseka, mwili wake unakuwa mwepesi. Waya inayomwinua mwigizaji inaonekana, ndiyo. Mimi huona ile miaka ya mazoezi.

Na mazoezi yenyewe hayakuwa ya kuigiza. Mwaka 1966 mwongozaji King Hu alitoa filamu ya Come Drink with Me, na upanga akampa Cheng Pei-pei, msichana aliyesomea kucheza dansi. Mtazame pale kwenye nyumba ya wageni: majambazi wanamzunguka, yeye amekaa mezani, mgongo umenyooka, hana haraka. Mpangaji wa mapigano, Han Yingjie, alitoka katika opera ya Beijing, ambako pigo hufuata ngoma. Ndiyo maana mapigano yale yana mapumziko. Filamu nyingi za siku hizi hazijui kupumua hivyo, na hunichosha.

Huyo Cheng Pei-pei alirudi mwaka 2000, sasa akiwa adui, katika Crouching Tiger, Hidden Dragon ya Ang Lee. Waliokuwa naye, Michelle Yeoh na Zhang Ziyi, nao walisomea dansi. Yeoh aliumia goti vibaya wakati wa kupiga picha, akafanyiwa upasuaji, kisha akarudi kazini. Filamu ikapata tuzo 4 za Oscar. Na bado watazamaji wa China walilalamika kwamba Yeoh na stelingi mwenzake, Chow Yun-fat, wanazungumza Kimandarini kwa lafudhi ya kigeni! Hata iliyo bora ina kasoro, mwanangu, na kasoro hiyo haikuizuia kuwa bora.

Itafute yenye maandishi chini, sauti ikiwa ya Kichina. Ukishaielewa, mtafutie kaka yako muvi ya upanga iliyosimuliwa na DJ Afro, kwa sababu yeye hukujazia kwa Kiswahili kila pengo la hadithi, na hapo kaka hatakuwa na cha kulalamikia ila waya.

SWALI: Mama, sisi hapa Kakamega tumebishana. Yule stelingi wa One-Armed Swordsman, ni kweli hakuwa na mkono? Msaada tafadhali.

JIBU: Alikuwa nayo yote miwili. Ni Jimmy Wang Yu, aliyewahi kuwa bingwa wa kuogelea, na filamu ni ya mwongozaji Chang Cheh, mwaka 1967. Katika hadithi binti ya mwalimu wake anamkata mkono wa kulia kwa hasira, naye anajifunza upya kwa mkono wa kushoto, akitumia upanga uliovunjika wa marehemu baba yake. Kilichonigusa mimi ni mwisho. Anamwokoa mwalimu, anakataa kubaki kuwa mrithi wake, anaondoka na mwanamke aliyemuuguza kwenda kulima. Mama yangu alikuwa akipiga makofi hapo kila mara.