Pelargonium: korongo kaingiaje kwenye ua?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mimi nakata vipandikizi vya maua kwenye grinihausi huku Naivasha, lebo zetu zote zimeandikwa Pelargonium. Supavaiza anasema ni jina la ndege kwa Kigiriki, eti maana yake mdomo mrefu. Ni kweli? Na mbona kwenye katoni wanaandika geranium? – Msomaji, Naivasha

JIBU: Asante sana dada, swali lako limenifurahisha kweli. Ndege ni sawa ila mdomo mrefu hapana. Pelargonium imetokana na pelargos, yaani korongo mweupe kwa Kigiriki, na maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba jina hilo la ndege limeungwa na maneno mawili, moja la rangi ya giza giza na lingine ni argos, yaani nyeupe ya kung'aa, kwa hiyo ni "mweusi-mweupe" basi. Na huyo ndege nadhani umeshamwona, maana wanatoka Ulaya wanakuja huku kwetu kama Novemba mpaka Machi hivi, wanatembea mashambani wanaokota panzi na viwavi, mwili mweupe, miguu na mdomo mwekundu, na mabawa kwa nyuma meusi kabisa kama yamechovywa wino, akiruka ndo unayaona vizuri zaidi.

Wagiriki walimpenda mno, waliamini makinda yakikua yanawalisha wazazi waliozeeka, wakatunga hadi kitenzi, antipelargein, yaani kuwalipa wazazi fadhila ya malezi. Korongo wenyewe hawafanyi hivyo, lakini neno zuri jamani!

Sasa mdomo unaingia kwenye tunda. Nyie huko nadhani maua mnayatoa mapema kwa hiyo hamlioni, ila ukiacha shina moja lichanue mpaka petali zidondoke, katikati panachomoza kitu kirefu chembamba chenye ncha, mdomo wa korongo mtupu, kikikauka kinapasuka vipande vitano na kila mbegu inatoka na mkia uliojisokota kama springi.

Hiyo ya katoni ni mazoea ya zamani. Geranium nayo inatokana na ndege, geranos, yule korongo wa jamii ya korongo taji (sisi Kiswahili chetu wote hao tunawaita korongo, Wagiriki waliwatenganisha). Linnaeus, yule Mswidi aliyepanga majina ya kisayansi ya mimea, mwaka 1753 aliyaweka maua haya yote kwenye kundi moja la Geranium, halafu 1789 mtaalamu wa mimea Mfaransa, L'Héritier, akayagawa, yenu ambayo asili yake kubwa ni Afrika Kusini yakawa Pelargonium, na mengine akayaita Erodium, kutoka erodios, ndege mwingine tena wa miguu mirefu! Wataalamu wakahama, sokoni wakabaki na jina la kwanza. Ukitaka kuhakikisha angalia petali, geranium yenyewe zote tano zinafanana, ya kwenu mbili za juu kwa kawaida zinatofautiana na tatu za chini.