Ukiambiwa shingo yako imenyooka, uliza imepimwaje

Wiki iliyopita dada mmoja wa Nyegezi ameniandikia: "Shikamoo kaka. Nimepigwa eksirei, nimeambiwa shingo yangu imenyooka, haina mpindo. Nina miaka 26, kutwa niko kwenye kompyuta. Je, nitapooza?"

Marahaba mdogo wangu. Nilimuuliza kama ana ganzi mikononi, kama vitu vinamponyoka, kama anayumba akitembea. Hana hata kimoja. Basi habari ya kupooza tuiweke kando, tuzungumzie hiyo picha, maana picha kama hiyo mimi nimeilipia.

Mimi ni karani wa hesabu kwenye kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza. Asubuhi moja niliamka shingo imekaza, kugeuka siwezi. Nikaenda kliniki moja ya mjini, sitaitaja. Nikasimamishwa ubavu, nikaambiwa niteremshe kidevu kidogo, picha ikapigwa. Jamaa akachora mistari kwa kalamu, akaandika "nyuzi 12", yaani pembe ya mpindo wa shingo yangu, akanitazama kama mtu anayetoa pole ya msiba. Ya kawaida ni 30 hadi 40, akasema. Nikatoka na kola ya shingo na kadi ya vikao vya kuvutwa shingo. Shingo iliachia yenyewe, kadi haijafika hata nusu. Hela ile ilikuwa ya mabati ya nyumba ya mama. Wacha niseme ukweli, bado inaniuma.

Aliyenifungua macho ni mtoto wa shangazi, mfiziotherapia. Alitazama karatasi akauliza swali moja: "Kahesabu kuanzia pingili ya ngapi?"

Hapo ndipo penye shughuli. Shingo ina pingili 7, ile mifupa midogo iliyopangana. Njia inayotumika sana inaitwa ya Cobb, kwa jina la John Cobb, daktari wa mifupa wa Marekani aliyeieleza mwaka 1948 kwa ajili ya migongo iliyopinda kwenda ubavuni. Kwa shingo, unachora mstari chini ya pingili ya pili na mwingine chini ya ya saba, unapima pembe kati yake. Wengine huanzia pingili ya kwanza, na hapo namba hupanda sana kwa mtu yule yule, picha ile ile. Wengine huchora mistari nyuma ya pingili, nao wanapata namba yao. Halafu kidevu: ukikiteremsha kidogo tu, mpindo unapungua. Na mimi niliambiwa nikiteremshe! Sasa hizo nyuzi 12 zilikuwa za shingo yangu au za maelekezo ya mpiga picha?

Tena watu wazima wazima kabisa, wanaofanya kazi bila maumivu, wapo wenye shingo zilizonyooka na wapo ambao mpindo wao umeelekea upande wa pili. Hilo wapimaji wanalijua miaka mingi. Aliyenipima mimi hakulisema.

Nikaamua kujifunza kupima. Sijifichi, najivunia. Nilipata rula ya kupindika, ile wanayotumia wachoraji wa ramani. Unaibana taratibu kuanzia kwenye kisogo, nywele zinapoishia, hadi ule mfupa unaochomoza ukiinamisha kichwa, ndiyo pingili ya saba. Unaitoa bila kuipinda, unailaza kwenye karatasi, unafuata kwa kalamu. Mimi nilitumia maboksi ya samaki. Kisha unapima urefu wa mstari ulionyooka toka ncha hadi ncha, na kina cha upinde katikati. Kina mara mbili gawanya kwa urefu, tafuta pembe ya tanjenti hiyo kwenye kikokotoo, zidisha kwa nne. Wenzangu walinicheka, halafu wakapanga foleni wakati wa chakula.

Mama mmoja aliyebeba dagaa kichwani kwenye soko la samaki la Mwaloni Kirumba miaka na miaka kabla ya kuja kiwandani, upinde wake ulikuwa karibu hamna. Hajui kuumwa shingo ni nini. Alinirudishia rula akaenda zake kula. Mlinzi wetu ana upinde mzuri wa kuchora kitabuni, na kila siku anakanda shingo kwa dawa ya kuchua. Nilipompima tena jioni, namba ikawa nyingine. Rula inapita juu ya ngozi na nyama, mfupa haiugusi, na mkono wangu si mashine. Ndiyo maana sasa napima mara tatu, mtu amesimama, anatazama mbele, napata wastani, na namlinganisha na yeye mwenyewe tu.

Sasa ushauri, ndugu zangu wa ofisini. Usinunue kola kwa sababu ya namba. Inua skrini ifike usawa wa macho. Inuka. Nasema tena, inuka, kachote maji, zunguka. Vijana mnalala chali na simu juu ya pua hadi usiku wa manane, asubuhi mnalaumu kiti cha mwajiri! Na wewe unayekaa vizuri kama askari wa gwaride bila kusogea, huna tofauti na aliyeinama. Shingo inataka kusogezwa. Inuka.

Ukipata ganzi ya mkono, kiganja kikakosa nguvu, mwendo ukayumba, haja ndogo ikakutoka, au maumivu yameanza baada ya kuanguka na pikipiki, achana na rula na makala yangu, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Ukipigwa picha, uliza: mmeanzia pingili ya ngapi, kidevu kilikuwaje, na namba hii inabadilisha nini kwenye matibabu yangu? La tatu ndilo lililomfanya dada wa Nyegezi arudishiwe hela ya kola, maana naye alikuwa ameuziwa.