Nani alilazimika kuandika? Kwa wanaoanza utafiti Dar

Mwanafunzi wa uzamili akija kuniambia kwamba mada yake haijaandikwa, huwa namuuliza: ni nani aliyelazimika kuiandika? Siulizi aliyependa. Mhadhiri huandika makala ya jarida akipata muda na fedha, lakini mhandisi wa manispaa lazima atoe taarifa ya mtaro uliobomoka, na shirika lililopokea pesa za mfadhili lazima lieleze limezitumiaje. Taarifa hizo hazipiti kwa wachapishaji. Wakutubi huziita maandiko ya kijivu: ripoti za miradi, tasnifu, makabrasha ya mikutano, takwimu za serikali. Kwa mambo mengi ya jiji hili, nyama yenyewe imo humo.

Chukua mafuriko ya Desemba 2011, yaliyowatoa watu Bonde la Msimbazi na kuwapeleka Mabwepande. Anayetafuta kwenye majarida peke yake atapata makala, tena nyingi za miaka ya baadaye. Sasa uliza nani alilazimika. Mamlaka ya Hali ya Hewa hupima mvua kila siku, yawepo mafuriko yasiwepo. Wabunge huuliza maswali, na majibu ya mawaziri huingia kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge, neno kwa neno, kwa Kiswahili. Mradi mkubwa wa ujenzi hauanzi bila tathmini ya athari kwa mazingira, kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hukagua halmashauri kila mwaka, na mbali na hesabu ana ripoti za ukaguzi wa ufanisi ambazo wanafunzi wengi hawajawahi kuzifungua. Wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi nao walikuwa na tasnifu za kumaliza. Andika orodha hiyo kwa mkono kabla hujagusa kompyuta.

Ukifika Google, andika neno lako, kisha site:go.tz, kisha filetype:pdf, bila kuacha nafasi baada ya nukta mbili. Utabaki na mafaili ya PDF kutoka tovuti za serikali tu. Tafuta kwa Kiingereza, halafu rudia kwa Kiswahili, maana ripoti ya mfadhili na muhtasari wa kikao cha madiwani havisemi lugha moja. Majina nayo hubadilika: kuna anayeandika Mabwepande na anayeandika Mabwe Pande. Wizara ya Afya ilibeba pia maendeleo ya jamii, jinsia, wazee na watoto hadi ilipogawanywa Januari 2022, kwa hiyo ripoti za miaka hiyo zina jina refu la zamani. Na ripoti iliyoskaniwa kama picha mara nyingi haitafutiki vizuri kwa maneno ya ndani yake. Hiyo utaipata kwa kupekua orodha ya tovuti ukurasa kwa ukurasa, na hakuna njia ya mkato.

Kila ukipata faili, lipakue siku hiyohiyo. Mimi nilinakili anwani tu. Ripoti ya taasisi moja ilibeba sura nzima ya kazi yangu, na siku mtahini alipotaka kuiona, tovuti ilikuwa imejengwa upya na anwani haifunguki. Nilitafuta kwenye Wayback Machine, hifadhi ya kurasa za zamani za intaneti, haikuwamo. Ilibidi niiondoe hoja ile, na ilikuwa hoja ya kweli. Tangu hapo nina daftari lenye tarehe, maneno niliyotafuta, mahali nilipotafuta na nilichopata, hata pale nilipotoka mikono mitupu. Mtahini akikuuliza umejuaje kwamba hakuna, utamfungulia daftari.

Hapa naomba mnisikilize vizuri. Maandiko haya hayakupitiwa na wahakiki wa jarida, hivyo uhakiki unabaki mikononi mwako. Nani ameandika, nani amelipa, watu walihesabiwaje, lini? Idadi ya kaya zilizoathirika inaweza kutokea kwenye ripoti tatu za mashirika matatu, ukadhani umepata mashahidi watatu. Fuata tanbihi zao. Mara nyingi zote zinarudi kwenye ripoti moja ya kwanza, na ile ya kwanza ilikuwa makadirio ya siku za dharura. Hapo una shahidi mmoja, na usome alivyohesabu kabla hujaichukua namba yake. Nimeona tasnifu nzuri zikiyumba kwa kosa hili, na iliniuma, kwa sababu kazi ya uwandani ilikuwa safi.

Kuna vitu haviko mtandaoni kabisa. Nenda Mlimani, maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uulize mkusanyiko wa East Africana, yaani machapisho na nyaraka za Afrika Mashariki. Karatasi za utafiti za miaka ya 1970 za BRALUP, ofisi ya chuo hicho ya utafiti wa rasilimali na mipango ya matumizi ya ardhi, kuhusu ardhi, maji na makazi, zimewafungulia njia watu wengi. Ofisi za serikali zinataka barua ya utambulisho kutoka chuoni, na nenda na nakala zaidi ya moja. Ukizungushwa, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa raia haki ya kuomba kwa maandishi na kujibiwa ndani ya siku 30. Lakini anza na salamu masjala. Anayejua faili liko wapi ni yule anayelipanga.

Katika ofisi moja ya halmashauri, mama wa masjala alinitolea ripoti ya mifereji iliyofungwa kwa uzi, jalada limeliwa na unyevu. Haikuwa na tarehe wala jina la mwandishi, na nilikuwa nimeshaanza kuirudisha. "Geuza nyuma, mwanangu," akaniambia. Nyuma ya ukurasa wa mwisho palikuwa na muhuri wa zambarau wa kupokelewa, siku na mwezi vikisomeka, mwaka umefifia. Akachukua rejesta ya barua, akashuka na kidole mstari kwa mstari mpaka akaukuta. Kwenye marejeo yangu niliandika jina la ofisi, kichwa cha ripoti, namba ya faili, kisha: haina tarehe, ilipokelewa masjala 14 Machi 2012.