Swali la lugha: Je, Masha ni mganga?

SWALI: Ninaandika uhakiki wa Nine Perfect Strangers, tamthilia ya televisheni ya Marekani, na nimemweleza Masha hivi: "Tao la mhusika huyu, mganga mwenye matatizo, linaonyesha ukuaji wake." Mwalimu wangu ameizungushia sentensi yote kalamu nyekundu bila kutaja kosa. Kosa liko wapi?

JIBU: Kisarufi sentensi yako haina kosa hata moja, na nadhani ndiyo maana mwalimu alishindwa kuandika neno pembeni. Tatizo ni maana za maneno uliyoyachagua.

Kwa wasomaji ambao hawajaitazama, Masha Dmitrichenko, aliyeigizwa na Nicole Kidman katika msimu wa kwanza wa mwaka 2021, ni Mrusi anayeendesha nyumba ya mapumziko na tiba huko California. Wageni wake humlipa fedha nyingi ili awaondolee majonzi, naye, bila kuwaambia, huwatilia katika sharubati dawa inayotokana na uyoga wa kulevya.

Tuanze na "tao", kwa kuwa hilo halihitaji maneno mengi. Tao ni la mlango au la daraja, na mtu akienda kwa matao huwa anatembea kwa madaha. Kwa kuwa Masha kweli hutembea kwa madaha, msomaji anaweza kudhani unasifu mwendo wake. Andika "safari ya mhusika" au, kwa lugha kavu zaidi, "mabadiliko ya mhusika".

"Mganga" ni neno zito zaidi. Nchini Tanzania ni cheo cha kiserikali: kuna Mganga Mkuu wa Serikali, na kila kituo cha afya kina mganga mfawidhi wake. Nchini Kenya, kinyume chake, anayetibu hospitalini ni daktari, na ukisema mganga watu wengi watafikiria hirizi na ramli. Masha hayumo katika kundi lolote kati ya hayo mawili. "Mnasihi" nalo halimfai, maana unasihi husimama juu ya ridhaa ya anayenasihiwa, na ridhaa ndiyo hasa anayowanyima wageni wake. Neno linalokaribia uhusiano wake na wafuasi ni "murshidi", yule kiongozi wa tarika mwenye muridi wanaomtii, lakini ni neno la dini na kulibandika kwa mwuza sharubati ni kuwakosea watu adabu. Ukiandika "guru", yaani mwalimu wa kiroho, peke yake, wengine tutafikiria sukari guru. Mimi ningesema "mwalimu wa siha", kwa sababu siha ni uzima wa mwili unaoonekana kwa macho, na uzima wa kuonekana ndio bidhaa anayoiuza.

Nakuja kwenye "mwenye matatizo", maneno yaliyonisikitisha kuliko yote, kwa sababu yanaweza kuwa ya mtu anayedaiwa kodi ya nyumba. Masha ana jambo moja mahususi, nalo ni kwamba alifiwa na binti yake, Tatiana. Kitenzi hiki kitazame kwa makini. Kutoka -fa tunapata -fia, na kutoka -fia tunapata -fiwa, ambapo anayekufa ni mmoja na kiima cha sentensi ni mwingine, yule aliyebaki. Tunasema "Masha alifiwa", na papo hapo tumejua nani anabeba kifo hicho. Familia ya Marconi, waliofika pale baada ya kumpoteza kijana wao Zach, nao ni wafiwa, na hapo ndipo unapoelewa kwa nini Masha anawang'ang'ania wao kuliko wageni wengine: anatafuta kwa dawa zake njia ya kumwona tena mtoto wake, na anataka wenzake katika msiba waitembee naye. "Mwalimu wa siha aliyefiwa" ni maneno manne tu, na mgongano wote wa tamthilia umo ndani yake.

"Ukuaji" ningeuondoa. Mhusika duara, yaani mwenye sura nyingi na anayebadilika, si lazima akue. Anaweza kupotoka, akarudi, akapotoka tena. Kiswahili kina shina moja linalomfaa sana Masha: -ongoa ni kumwelekeza mtu njia iliyonyooka, -ongoza ni kuwa mbele ya wenzako, na -ongoka ni wewe mwenyewe kuifuata njia hiyo. Masha anaongoza tangu sehemu ya kwanza. Kama ameongoka ni swali ambalo uhakiki wako unapaswa kulijibu kwa ushahidi wa matukio.

Pengine "mganga" lilikujia kwa sababu ya methali "Mganga hajigangi", na kama ndivyo, itumie waziwazi, kwa kuwa ndani ya methali neno hilo halimtaji tena mwenye cheo wala mpiga ramli. Angalia tu njeo, yaani wakati wa kitenzi. "Hajigangi" ni hali ya siku zote, na ukiiacha hivyo umeshamhukumu. "Hakujiganga" inafunga habari ya msimu wa kwanza. Lakini msimu wa pili ulitoka mwaka 2025, Masha akiwa safari hii katika milima ya Alps na kundi jipya la wageni, kwa hiyo mimi ningeandika "hajajiganga".