Giaboksi ya GMC Motorhome: iache, gusa difu

Unauliza kama uifumue TH425, giaboksi otomatiki ya gia tatu ya GMC Motorhome (gari-nyumba) yako, ili upate gia ya nne. Hapana, usiifumue. Motahomu hizi za 1973 hadi 1978 huvutwa na magurudumu ya mbele: giaboksi imelala ubavuni mwa injini na hupokea nguvu kwa mnyororo kutoka kwenye toki konveta (kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi), kwa hiyo giaboksi nyingine haiingii pale bila kuchonga karibu kila kitu upya. Ndani ni ndugu wa TH400, giaboksi otomatiki nyingine ya General Motors, ngumu kweli kweli. Nimefungua kadhaa mezani, na kinachoziua ni joto. Anza na kipoza oili cha ziada na geji ya joto. Kisha chomoa dipstiki, unuse oili: ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, sahani za klachi zimeanza kwisha, hapo ni ovahoo ya kawaida tu.

Kama kinachokusumbua ni milima, badilisha difu. Uwiano wa difu ya kiwandani kwa kawaida ni 3.07, yaani mizunguko 3.07 inayoingia kwa mzunguko mmoja wa gurudumu; ukiweka 3.42 utaisikia tofauti. Ila kwenye tambarare injini itazunguka kasi zaidi kwa mwendo uleule, na mafuta yatakwenda.