Maswali ya Nyumba: hita inayotia ganzi, jiko la mkaa chumbani na breka isiyotulia

Barua nyingi zilizotufikia katika miezi hii ya baridi zinahusu joto: maji ya moto, vyumba vya kulala, na umeme unaokatika kwa sababu kila kitu kimewashwa kwa wakati mmoja. Nimeanza na zile ambazo kuchelewa kuzijibu kunaweza kugharimu maisha.

Shikamoo fundi. Mwaka jana tuliwekewa hita ya papo kwa papo kwenye bomba la mvua. Nikishika koki wakati naoga nasikia ganzi mkononi, kama nachomwa sindano. Aliyeifunga anasema ndivyo hita hizo zilivyo, tuvae ndala za mpira. Je, ni kweli? (Mama wa watoto wawili, Arusha)

Marahaba, mama. Si kweli, na ndala si dawa. Zimeni hita hiyo leo na muogee maji ya ndoo mpaka itakapokaguliwa, hasa kwa kuwa watoto nao wanaitumia.

Katika nyingi ya hita hizi koili inayopasha joto haikufunikwa, bali maji hupita juu yake moja kwa moja. Maji ya bomba na ya kisima yana madini, kwa hiyo hupitisha umeme kidogo, na maji yenye chumvi hupitisha zaidi. Watengenezaji wanalijua hilo, ndiyo maana hita huja na waya wa tatu, wa kijani wenye mstari wa njano, uitwao waya wa ethi, ambao kazi yake ni kuuchukua umeme uliovuja na kuupeleka ardhini kabla haujamfikia anayeoga. Waya huo usipofungwa, umeme hupita kwenye koki ya chuma, mkono, mwili ulioloa na sakafu. Ganzi unayoisikia ni umeme unaopita mwilini mwako. Unapofika miliampia 10 hivi misuli ya mkono huweza kukaza hadi mtu ashindwe kuiachia koki, na ukizidi 30 moyo wenyewe unaweza kuvurugika.

Mara nyingi ukifungua kifuniko cha hita yenye malalamiko kama haya, unaukuta waya wa kijani umekatwa kwa koleo na kukunjwa pembeni, au umeunganishwa na waya wa nyutro, yaani ule unaorudisha umeme. Njia hii ya pili ni mbaya zaidi kuliko inavyoonekana, kwa sababu siku nyutro itakapolegea kwenye mita au kwenye nguzo, kila chuma kilichounganishwa nayo kitakuwa na umeme kamili.

Kuna jambo jingine ambalo hata mafundi wazoefu hulipita haraka. Watu huamini kwamba nyumba yenye fimbo ya ethi iliyopigwa ardhini imekwisha kuwa salama, kwa kuwa umeme ukivuja breka, yaani swichi inayojikata umeme unapozidi, itakata. Hebu tupige hesabu. Tuseme ukinzani kati ya fimbo yenu na udongo ni omu 50, kiasi ambacho ni cha kawaida na ambacho huongezeka udongo unapokauka. Volti 230 ukizigawa kwa 50 unapata ampia 4.6, wakati breka ya hita hiyo ni ya ampia 32. Breka haitakata kamwe, kwa sababu kwake hizo ampia 4.6 ni matumizi madogo tu. Kinachohitajika pamoja na ethi ni swichi ya RCD, ambayo hulinganisha umeme unaoingia kwenye nyaya na ule unaorudi, na ikiona tofauti hukata kwa sehemu ndogo ya sekunde. Iangalie usoni: iandikwe 30 mA au 0.03 A, na iwe na kitufe kidogo chenye herufi T. Kibonyeze mara moja kwa mwezi. Kisipokata umeme, RCD hiyo imekufa na ibadilishwe.

Mwombeni fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, aje akague mambo haya. Awape pia waya unaofaa: hita ya wati 5,500 huvuta karibu ampia 24, kwa hiyo inastahili laini yake yenyewe kutoka kwenye bodi (sanduku lenye breka za nyumba), waya wa milimita 6 za mraba, na swichi inayokata nyaya zote mbili, iliyowekwa mahali ambapo maji hayarukii. Ikiwa maji yenu ya kisima yana chumvi, ulizeni dukani hita iliyotengenezwa kwa ajili ya maji ya namna hiyo. Fundi akisema RCD inasumbua na ni afadhali aitoe, mtafute fundi mwingine.

Ndugu mwandishi, huku kwetu Makete baridi ni kali na umeme ni ghali. Tunaingiza jiko la mkaa chumbani hadi watoto walale. Tunasubiri moshi uishe kwanza. Je, kuna ubaya? (Baba, Makete)

Upo, ndugu yangu, na ninakusihi usisubiri usiku mwingine. Moshi unaouona sio unaoua. Mkaa unaowaka kwenye hewa haba hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, na hutolewa vilevile wakati makaa yamekuwa mekundu na safi, hata yakifunikwa na majivu. Gesi hiyo hushikana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo mtu hukosa oksijeni huku anaendelea kupumua kama kawaida. Aliye macho husikia kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu. Aliyelala huenda asiamke. Kuacha dirisha wazi kidogo si kinga ya kutegemea.

Ikitokea mmoja wenu ameamka na dalili hizo, tokeni nje nyote mara moja, kisha mwende hospitali na mseme wazi kwamba mlilala na jiko la mkaa.

Kuhusu joto lenyewe, anza na nyumba. Chumba chenye bati tupu bila dari hupoteza joto usiku kucha, na hakuna hita itakayokitosheleza. Dari, hata ya mbao nyepesi, itakusaidia kuliko jiko. Ziba uwazi chini ya mlango kwa kitambaa kilichokunjwa. Pasha maji, yatie kwenye mpira wa maji ya moto wenye kifuniko imara, uufunge kwa taulo na kuuweka kitandani kabla ya watoto kulala. Ukitaka moto ndani ya nyumba, uwe kwenye jiko lenye dohani inayotoka juu ya paa, na dohani hiyo isafishwe masizi. Hita ya umeme ya wati 2,000 hula uniti 2 kwa saa, kwa hiyo iwashe nusu saa kabla ya kulala badala ya kuiacha hadi asubuhi. Ichomeke moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani, kamwe usiitie kwenye ekstensheni, na usianike nguo juu yake.

Jikoni kwetu breka ya ampia 16 inakata kila asubuhi tukiwasha birika, jiko la sahani moja na pasi. Fundi anataka kuweka ya ampia 40 ili tupumzike. Bei yake ni ndogo, lakini mume wangu anasita. (Msomaji, Morogoro)

Mume wako yuko sahihi. Breka huwekwa kuulinda waya uliomo ukutani, wala haikuwekwa kwa ajili ya birika. Waya wa soketi kwa kawaida ni wa milimita 2.5 za mraba, ambao ukiwa ndani ya bomba ukutani hubeba takriban ampia 20. Ukiweka breka ya 40, waya huo utaweza kuungua kwa muda mrefu huku breka ikiuona mzigo kuwa wa kawaida.

Angalieni kwanza inakata vipi. Ikikata baada ya dakika kadhaa, mzigo umezidi. Ikikata papo hapo kwa mlio mkali, kuna shoti kwenye kifaa au kwenye waya. Na kama kinachokata ni RCD na siyo breka, kuna umeme unaovuja, mara nyingi kwenye birika la zamani au pasi. Kwa maelezo yako ninaamini ni mzigo: birika la wati 2,200, jiko la 2,000 na pasi ya 1,600 ni wati 5,800, ambazo kwa volti 230 ni ampia 25. Tiba ni kulipatia jiko laini yake yenyewe kutoka kwenye bodi. Wakati mnajipanga, pasi isubiri chai iive.

Chomoeni pia plagi ya birika mara tu maji yanapochemka na muiguse. Ikiwa na joto kali, au tundu la soketi likiwa limegeuka rangi ya kahawia, au kukiwa na harufu inayofanana na ya samaki jikoni pasipo na samaki, soketi hiyo inaungua ndani kwa sababu skrubu zimelegea. Ibadilisheni. Na fundi akileta waya mpya, mwambieni aukwangue kwa kisu mbele yenu: shaba ni nyekundu hadi ndani, lakini ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba na haifai kwa kazi hii.

Ukuta wetu wa nje hapa Tanga unatoa unga mweupe na rangi inabanduka, na soketi iliyo kwenye ukuta huo imeota kutu ya kijani. Tupake rangi gani? (Msomaji, Tanga)

Rangi ije mwisho. Unga huo ni chumvi, iliyotoka ama kwenye mchanga wa pwani uliotumika kujengea, ama kwenye maji yanayopanda kutoka kwenye msingi. Rangi ya plastiki huuziba unyevu ndani, nao huisukuma rangi hadi itoke. Bandueni plasta kuanzia chini hadi karibu mita moja juu ya alama ya unyevu, acheni ukuta ukauke, kisha mpige plasta mpya kwa mchanga wa mto ulio safi. Kama nyumba ni ya mawe ya matumbawe, tumieni chokaa badala ya saruji, kwa sababu chokaa huuachia ukuta unyevu wake. Soketi hiyo izimwe kwenye bodi sasa hivi na ihamishiwe kwenye ukuta wa ndani.

Uniti za LUKU zinaisha haraka kuliko zamani na hatujaongeza kifaa chochote. Nitajuaje kama mita ina kasoro? (Kijana, Mbeya)

Jipime mwenyewe kabla ya kwenda TANESCO. Zima swichi kuu ya nyumba, kisha itazame taa ndogo nyekundu kwenye mita. Ikiendelea kumweka kama kawaida, umeme unatumika kabla ya swichi yenu: huenda kuna waya ulioharibika kati ya mita na bodi, au mtu amejiunganishia, na hapo unayo hoja ya kuwaita. Ikitulia, tatizo liko ndani ya nyumba. Washa breka moja moja na uhesabu. Kwenye mita iliyoandikwa 1000 imp/kWh, yaani taa humweka mara 1000 kwa kila uniti, taa ikimweka mara moja kila sekunde 36, nyumba inatumia wati 100. Friji yenye mpira wa mlango uliochakaa huwa ya kwanza kushukiwa: bana noti mlangoni uivute, na ikitoka bila kushikwa, badilisha mpira.