Limao la kila asubuhi, na meno yangu ya mbele

Kwa karibu miaka miwili, kila nikiamka nilikuwa nakamua limao zima kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu, nakunywa taratibu huku nawaandaa watoto kwenda shule, halafu napiga mswaki. Nilikuwa napunguza mwili, na kila niliyemuuliza alisema limao linasaidia. Habari ya meno hakuna aliyenigusia.

Ilianza na ganzi. Sote tunaijua ganzi ya embe bichi la chumvi na pilipili: inakushika jioni, kesho imekwisha. Yangu haikuisha. Maji ya friji yakanichoma, chai ikanichoma, hata upepo nikiongea juu ya bodaboda. Kisha meno yakageuka njano, na hapo ndipo nilipojiumiza zaidi, maana nilidhani ni uchafu. Nikasugua kwa mkaa uliosagwa. Nikasugua kwa ndimu na chumvi, kama nilivyoelekezwa saluni. Njano ikazidi.

Daktari wa meno alinishikisha kioo, akamulika taa kwa nyuma ya meno ya mbele. Ncha zilikuwa zinapitisha mwanga kama ukucha wa mtoto mchanga, na jino moja lilikuwa limemeguka pembeni. Akanieleza kwamba tabaka jeupe la juu, enameli, limelika. Ile njano ni dentini, sehemu ya ndani ya jino, inayoonekana kwa sababu kifuniko chake kimekuwa chembamba. Kumbe nilikuwa nalisugua jino lenyewe.

Enameli ndicho kitu kigumu kuliko vyote mwilini, lakini ikishaondoka haioti tena. Huanza kuyeyuka pH ya mdomoni, yaani kipimo cha asidi ambacho namba ikishuka asidi imezidi, ikiwa chini ya 5.5 hivi; maji ya limao yako kati ya 2 na 3, na soda nyingi haziko mbali, hata zisizo na sukari. Hapa wengi tunachanganya mambo. Jino hutoboka kwa sababu bakteria hula sukari na kutoa asidi. Kulika huku hakuhitaji bakteria wala sukari: unaweza kuwa na kinywa kisafi kabisa na meno yakaendelea kwisha.

Kinga yetu ni mate. Yanaizimua asidi na kulirudishia jino madini, ila yanataka muda. Anayekunywa glasi ya juisi ya ukwaju pamoja na wali akamaliza, ameyapa nafasi. Anayemumunya ubuyu mchana kutwa, au dereva anayepiga funda la kinywaji cha kuongeza nguvu kila baada ya dakika kumi hadi jioni, hayapi. Kwa hiyo sisemi tuache ndimu. Nasema tuile na chakula, kwa mara moja, tusiizungushe mdomoni, kisha tusukutue kwa maji matupu.

Na mswaki usubiri! Enameli iliyotoka kuguswa na asidi hulainika kwa muda, na ukiisugua wakati huo unaikwangua. Subiri angalau nusu saa, ikiwezekana saa nzima. Mimi nilikuwa nasugua dakika ileile, kila siku, kwa mswaki mgumu.

Mdogo wangu sasa ni mjamzito. Anatapika asubuhi, halafu analamba ndimu kuzuia kichefuchefu. Asidi ya tumboni ni kali kuliko ya ndimu. Nimemwomba akitapika asukutue kwa maji, asikimbilie mswaki, na ndimu ainuse badala ya kuilamba. Wenye kiungulia cha usiku nao watibiwe kiungulia chenyewe, kwa sababu asidi inayopanda wakiwa wamelala hula meno kwa upande wa ndani, mahali ambapo hata kwenye kioo hupaoni.

Lile jino lililomeguka lilijazwa. Mengine yamebaki kama yalivyo. Kazi ni kuyalinda. Natumia mswaki laini na dawa ya meno yenye floridi, na usiku natema povu bila kusukutua ili floridi ibaki kwenye meno. Daktari alipiga picha siku ile ya kwanza. Baada ya miezi sita alipiga nyingine, akaziweka mbili sambamba, akapima ncha za meno ya mbele: hazikuwa zimepungua.